Udi Ndani ya Puma

Kwa kufukiza udi sina mpinzani. Bibi yangu Mzanzibari kanifunza tangu mdogo. Basi siku tulipofungua maonyesho ya vyungu vya kale vya milima ya Andes, Amerika Kusini, hapa Maskati, kwenye makumbusho ninapofanya kazi, chetezo kikakosekana. Sikubabaika. Kwenye chumba cha nyuma niliona kimoja cha udongo, chenye kichwa cha paka na masizi ndani. Nikatia makaa na udi, nikawapitishia wageni.

Bi Asha, mkuu wangu, akajifukiza mtandio kwa raha, mara akaganda.

"Mwanangu, huyu puma, paka mkubwa wa huko Andes, alama ya nguvu kwa wenyewe waliokifinyanga. Na kweli ni chetezo."

"Vyetezo nnavijua, Bi Asha."

"Basi hiki kimekaa miaka elfu bila ya moto. Kabati lake ni lile tupu, wanalolitazama wageni."