Boksi na Mkebe: Kipi Kina Uso Mkubwa

Juzi nilipita mtaa wa Ngagara, nikasikia kutoka dirisha moja watoto wakiimba kanuni za eneo la uso wa maumbo, kama tulivyoziimba sisi. Nikasimama pale njiani. Basi nikajiona niko barazani kwa bibi, mtaa wa Cibitoke, mwaka wa mtihani wa kuingia sekondari.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili katika darasa lile lile. Hesabu zilikuwa zimeniangusha, na mama mdogo alishasema nikianguka tena nitapelekwa kujifunza kushona. Ijumaa moja mwalimu, mtu mrefu wa sauti ndogo, akauliza: mchemraba wenye upande wa sentimita kumi, na silinda yenye kipenyo cha kumi na kimo cha kumi, kipi kina uso mkubwa? Darasa zima likajibu ni sawa. Nikasema mchemraba. Wakacheka sana, mrudia darasa naye anajua nini?

"Jumatatu mulete sababu," mwalimu akasema.

Jioni binti wa jirani, mwenzangu wa dawati, akaja kunibishia. Bibi alikuwa anakaanga ndagala, visamaki vya ziwani, harufu imejaa ua mzima.

"Mi nasema iko sawa. Upana moja, urefu moja."

"Apana," nikamjibu. "Silinda haina pembe. Pembe zinakula karatasi."

Tukachukua boksi la sabuni na mkebe wa sukari wa bibi, vimelingana upana na kimo, tukavivisha magazeti na kukata yaliyozidi. Tulipoyatandaza sakafuni, ukanda uliozunguka boksi ulizidi ule wa mkebe karibu kiganja kizima. Miduara ya mkebe nayo ililala ndani ya miraba ya boksi, pembe zikabaki nje. Tukapiga hesabu ya mwalimu: mia sita kwa mia nne sabini na kitu.

Mwenzangu akaangua kicheko. "We mutoto, utapita!"

"Na sukari yangu mumemwaga wapi?" bibi akauliza.

Jumatatu nilieleza yote ubaoni. Mwalimu akaenda kuketi kwenye dawati langu. "Endelea," akasema, "leo mimi ni mwanafunzi." Mtihani ulipofika niliingia bila hofu, nikapita. Binti wa jirani pia.

Bibi ametangulia, na baraza lake limebomolewa, pamejengwa duka. Binti wa jirani alihama na wazazi wake mwaka uliofuata. Tangu hapo wengi wameniambia nimekosea. Yeye tu ndiye aliyeniambia hivyo, kisha akakaa chini nami tutafute jibu.