Mwezi wa Saa Kumi

Mimi ni mtu wa studio. Kwa miaka mingi hapa Lodwar nimepiga picha za vitambulisho, za harusi, na za wafanyakazi wa kaunti wanaotaka kuonekana wembamba. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa fizikia alipoingia kuniuliza kamera gani inafaa kupiga picha ya mwezi kupitia darubini, nilimjibu upesi kuliko nilivyojua. Nilimwambia yoyote ile, mradi usiku uwe safi.

"Usiku haiwezekani, mama," akasema.

Alikuwa mwanamke kijana wa Kaaleng, anayefundisha sekondari ya wasichana Kakuma. Shule ilikuwa imepewa darubini, na wasichana wa klabu ya sayansi walikuwa na hamu nayo kwelikweli. Lakini wengi walitoka kambi ya wakimbizi na kurudi kwao kila siku, na jua likizama walitakiwa wawe ndani. Kiongozi wa klabu, msichana wa kidato cha tatu kutoka Sudan Kusini, alishaambiwa na baba yake waziwazi: siku atakayoonekana nje gizani ndiyo siku yake ya mwisho shuleni.

"Sasa huo mwezi wataupiga saa ngapi?" nikauliza.

"Saa kumi. Mwezi nusu unakuwa juu saa hiyo. Wewe hujawahi kuuona?"

Nilikuwa nimeuona, ila sikuwahi kuujali. Mwezi wa mchana ni kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye karai. Nani anapiga picha ya kitu hicho? Lakini nikiambiwa jambo ni gumu napandwa na ukaidi, na nikiulizwa nisilolijua napandwa na hasira. Nilipandwa na vyote viwili, nikafunga studio Jumamosi nikaenda Kakuma.

Darubini waliisimamisha mashariki ya madarasa, ndani ya kivuli cha jengo, ili jua libaki nyuma ya ukuta na asitokee mtu wa kulielekezea vioo akapofuka. Hiyo ilikuwa sheria ya mwalimu na hakuna aliyethubutu kuivunja.

Tulianza na kamera yangu kubwa ya harusi. Nilipoifunga, darubini iliinamisha shingo polepole ikatazama mchanga. Wasichana walicheka. Mimi sikucheka. Simu nayo ilitikisika mkononi, tukapata mwezi wenye pacha. Tukageukia vichujio, vile vioo vya rangi vinavyochuja mwanga. Cha kijivu, kilichokuja na darubini, ni kizuri usiku mwezi unapoumiza jicho, lakini mchana kilififisha mwezi na anga kwa pamoja. Cha njano kilisaidia kidogo. Chekundu kilisaidia zaidi, maana kinaikataa bluu ya anga, ila picha ilibaki hafifu. Kiongozi wa klabu aliandika kila jaribio kwenye daftari, na mbele yake neno "hapana", mara kumi na moja, bila kunung'unika. Nilinung'unika kwa niaba yake.

Nikarudi Lodwar na kumwendea fundi wa simu aliye jirani yangu. Alinipa kamera ndogo ya ulinzi, zile zinazowekwa juu ya milango ya maduka, nyepesi kiasi kwamba darubini isingejua kama imebebeshwa kitu. Tuliing'oa lenzi yake, na ndani yake tukatoa kioo kidogo kinachozuia mwanga usioonekana kwa macho, ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni. Mwalimu alikuwa amenieleza kwamba anga la bluu lina mwanga huo kidogo sana, ilhali mwezi unao tele. Kilichobaki ni kupata kichujio kitakachoupitisha huo peke yake na kufukuza mwanga mwingine wote.

Nilijaribu kila kitu kinachopitisha mwanga: karatasi za zawadi, vipande vya chupa, plastiki ya taa ya nyuma ya boda boda. Mwishowe kwa hasira nikajaribu kisichopitisha. Nilikuwa na ncha nyeusi za filamu za rangi tulizosafisha zamani, zile zilizopigwa na mwanga, sijui nilizihifadhia nini. Nikaziba kamera kwa ncha moja, nikabonyeza rimoti. Kwenye kompyuta taa yake iliwaka nyeupe pee, kana kwamba filamu haipo. Nilipiga kelele hadi mteja aliyekuwa akifunga tai akaifungua.

Mwezi ulipofika nusu tena, saa kumi jioni, tuliifunga kamera hiyo na filamu yake kwenye darubini, na kiongozi wa klabu akabonyeza mwenyewe. Anga lilitoka jeusi tititi, mwezi mweupe, mashimo yake yanahesabika. Wasichana walirukaruka wakishikana, na mimi nilirukaruka nao, na magoti yangu haya. Kesho yake nilisafisha picha moja kubwa, nikaituma Kakuma ikafika siku hiyohiyo.

Asubuhi iliyofuata mwalimu alipiga simu. Msichana hakuja shule. Aliibandika picha nyumbani kwa fahari, baba akaitazama. Anga jeusi ni usiku. Kwa hiyo binti yake alikuwa nje usiku, na juu ya hayo sasa anadanganya.

Kosa lilikuwa langu. Nililitafuta lile giza kwa bidii yote, na sikufikiri hata mara moja baba wa mtu ataliona kuwa nini.

Kesho yake nilikuwa Kakuma, mimi na mwalimu, mbele ya nyumba yao. Baba alikuwa mtu mrefu, muuza samaki wakavu, na alitusikiliza amesimama.

"Mzee, njoo uone mwenyewe, mchana huu," nikasema. "Kama tunadanganya, abaki nyumbani."

Mwalimu alinikazia macho. Na mimi niliogopa mara tu nilipolisema.

Alikuja saa kumi na nusu, binti nyuma yake. Mwezi ulikuwa umenenepa kwa siku zile tatu. Msichana alifunga kamera mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, mwalimu akanishika mkono. Baba alitazama mbingu kwanza: bluu, na mwezi umepauka. Kisha akatazama kompyuta. Akaweka kiganja mbele ya darubini, mwezi ukapotea. Akakiondoa, ukarudi. Akafanya hivyo tena.

"Sasa ni mchana," akasema.

"Ni mchana, Baba."

"Na hii kitu inafanya usiku."

"Inafanya kwa anga peke yake, Baba. Sisi tuko tu hapa, mchana."

Nilisubiri aombe radhi. Hakuomba. Aliuliza, "Kesho mwezi inatoka saa ngapi?"

"Itachelewa karibu saa nzima kuliko leo. Kila siku hivyo."

Alihesabu kwa vidole. "Siku nne, inatoka jua ikizama. Kubwa yote."

"Ndiyo, Baba. Lakini hiyo hatutaiona kwa darubini. Tutakuwa tumeenda nyumbani."

Baba aligeuka. Aliwatazama wale wasichana wengine waliojipanga ukutani, hakuna aliyethubutu kusogea.

"Hiyo siku nakuja na kiti yangu," akasema. "Nakaa hapa mpaka mumalize. Na hawa, waambie baba zao, mimi ndio nitawarudisha, mmoja mmoja, mpaka mlangoni."