Dhahabu Isiyochapika

Dhahabu ilipopamba moto huku kwetu, kila mtu aliitaka kwenye bango lake. Mwenye bucha alitaka jina lake liandikwe kwa dhahabu. Saluni ikataka mkasi wa dhahabu. Wafugaji wa upande wa Kisaka waliagiza fulana zenye fahali wa dhahabu, na mwenye nyumba ya wageni alipanda basi kutoka Mugumu kuja kuniambia anataka kitanda cha dhahabu, tena kionekane kina mto. Nilimwekea mito miwili.

Sikuona shida. Programu yangu ya kuchorea, ambayo niliipata kwa kunakiliana kama wenzangu wote wa kazi hii, ilikuwa na dhahabu yake tayari. Unaandika neno, unalichagua, unabofya kijisanduku cha njano, na neno zima linang'aa, na michirizi myeupe ya mwanga inapita juu yake. Nilikuwa na dhahabu nyingi kuliko wachimbaji wote wa wilaya, na sikuwahi kuingia shimoni hata siku moja.

Kazi naijua, na sioni haya kusema. Nimezaliwa Susuni, kwenye nyumba ambayo mtu akikaa chini mchana anaulizwa kama anaumwa. Nilikwenda Mwanza kujifunza uchapaji, nikarudi Tarime na kompyuta moja, printa moja na maneno mengi. Baba alikuja kuniangalia siku nilipofungua. Alikaa kwenye benchi saa nzima akinitazama nikibofya, kisha akaniuliza kazi inaanza saa ngapi. Hakuwa ananitania. Lakini haikupita muda mrefu, ukitembea barabara kuu ya mjini, kila bango la tatu lilikuwa la mkono wangu, na kichwa kilinivimba kidogo, nakubali.

Asubuhi moja aliingia mzee mwenye kofia nyeupe iliyofumwa na kanzu iliyonyooshwa vizuri kwa pasi. Nilimjua, kama mjini wote walivyomjua. Wazee wake walitoka Pwani kuja kuuza nguo, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kikurya alikisema kunishinda mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka bango."

Alinieleza bila haraka. Alikuwa amenunua dhahabu miaka mingi nyuma ya duka la nguo, hana bango wala nembo, kwa sababu aliyetaka kumuuzia aliambiwa na mwenzake. Sasa watu walikuwa wamejaa, wametoka Shinyanga, Singida na Kigoma, na hawakumjua. Wanunuzi wapya nao walikuwa wamefungua maduka ya vioo. Yeye alikuwa amepanga chumba upande wa mbele, barabarani.

"Sina kitu kingine ila jina," alisema. "Baba yangu hakumpunja mtu kitambaa, na mimi sijampunja mtu dhahabu. Nataka mgeni akitazama bango langu ajue hapa hadanganywi."

Nilimjibu aje baada ya chakula cha mchana. Nilitumia nusu saa: jina lake kubwa, kipande cha dhahabu juu yake, michirizi ya mwanga kila mahali. Alipoona kwenye skrini alikunja macho.

"Inang'aa sana," alisema.

"Ndiyo uzuri wake, mzee."

Pale ndipo nilipokosea. Mteja alikuwa amenipa neno la maana kuliko yote aliyosema, nami nikalipokea kama sifa.

Bango lilichapwa Mwanza likaja kwa basi, limekunjwa kama mkeka. Nililiona likitundikwa, nikasema sawa, nikaendelea na kadi za harusi. Wiki ya pili alikuja kwangu mchimbaji mmoja, kijana wa Kisukuma aliyekuwa akichimba pamoja na wenzake sita, kutoa nakala ya kitambulisho. Wakati printa inapasha moto akaniuliza:

"Dada, yule mzee wa kofia ameanza kununua dhahabu iliyochanganywa na fedha?"

"Nani kasema?"

"Bango lake. Sisi tunapita pale kila siku. Dhahabu aliyoichora ni nyeupe nyeupe. Hiyo ina fedha ndani. Na pale chini imekuwa ya kahawia, hiyo ina shaba. Mtu anayejivunia dhahabu ya namna hiyo, yeye mwenyewe anachanganya, au macho yake mabovu. Tumeenda kwingine."

Nilicheka, kisha nikakasirika. "Kaka, hiyo ni rangi tu. Ni wino."

"Kwako ni rangi," alisema. "Kwetu ni bei."

Alipoondoka nilifunga mlango, nikaenda kulitazama bango kwa macho yake. Nikaona aibu yangu yote. Wino wa mashine hauna dhahabu. Una njano, una nyekundu, una bluu na nyeusi, na ile inayong'aa kwenye skrini ikifika kwenye turubai inakuwa haradali iliyomwagikiwa maziwa. Nilikuwa nalijua hilo tangu Mwanza. Mwenye bucha hakujali, wala fahali wa Kisaka hakulalamika. Lakini hapa nilikuwa nimechora dhahabu kwa watu wanaoisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, nikaandika uongo juu ya jina la mtu.

Nilipoingia dukani kwake nilikuta karibu patupu. Benchi la wateja lilikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa amekuja kuomba maji.

"Mwanangu, sijakasirika," mzee alisema kabla sijafungua mdomo, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Alitoa vikaratasi vitatu, akavifungua mbele yangu. Kila kimoja kilikuwa na chembe za dhahabu kutoka mashimo tofauti, na hakuna iliyofanana na nyingine. Moja ilikuwa ya njano iliyopauka, nyingine imeiva, ya tatu ilikuwa na wekundu wa mbali. "Wakishaamini nachanganya, sitakuwa na pa kuwashika. Miaka yote hiyo itakwisha kwa bango."

Nilimwambia nitalirekebisha na hatatoa kitu. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayejua atakachofanya. Sikujua.

Siku mbili nilichapa vipande vidogo vya rangi kwenye printa yangu. Niliongeza njano, nikapunguza nyekundu, nikaondoa michirizi, nikaongeza tone la nyeusi. Nilikwenda navyo dukani kwake, nikakaa kwenye lile benchi nikivilinganisha na dhahabu iliyoletwa na wateja wachache wa zamani waliobaki. Nilipopata rangi iliyofanana na ya shimo moja, mwenye shimo la pili aliguna. Nikaelewa kwamba hata nikipata njano nzuri kuliko zote, nitakuwa nimemtukana mtu fulani.

Lakini kukaa pale kulinifunza jambo jingine, na hili sikutumwa kulitazama. Mteja akimkabidhi mzee dhahabu, mzee alinyanyuka na kikaratasi, akaingia nyuma ya pazia kulikokuwa na mizani, kisha akarudi na jibu. Wa zamani walipiga stori. Wageni walinyoosha shingo. Mmoja alisimama kabisa, akatazama lile pazia mpaka mzee aliporudi, akapokea jibu bila kusema asante. Bango langu halikuzaa shaka. Shaka ilikuwepo tayari, mimi nikaichora ikaonekana toka barabarani.

Nikarudi kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikafanya kazi niliyosomea. Kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa si kazi yangu. Nilifuta dhahabu yote. Nikaacha turubai jeupe, jina kwa herufi nyeusi nene zisizo na madoido, na pembeni mviringo mweusi ulio mtupu ndani. Nikachapa mviringo huo huo kwenye kadi ngumu nyeupe, ukubwa wa kiganja, ya kuwekwa kaunta. Mchimbaji atamwaga dhahabu yake ndani ya mviringo, na nembo itakamilika kwa dhahabu yake mwenyewe, rangi ya shimo lake mwenyewe. Nilijua ni nzuri. Kuna kazi unayoijua ni nzuri hata kabla wino haujakauka, na sikuwa na mpango wa kujishusha.

Bango jipya lilipotoka Mwanza nilimpelekea dukani pamoja na kadi, naye mzee akaigeuza kadi mara mbili. "Nimekuomba dhahabu, umeniletea tundu?"

"Dhahabu wanayo wao, mzee. Wewe wape pa kuiweka waione." Kisha nikasema lililobaki. "Na mizani itoke kule nyuma. Ikikaa kule, hii kadi itakuwa pambo tu."

Uso wake ulibadilika. "Baba yangu alipimia kule kule ndani. Nilipimia mimi kabla hujazaliwa. Leo wewe ndiye wa kuniambia nipimie wapi?"

"Nisamehe, mzee. Umesema mgeni ajue hadanganywi. Mgeni haoni nyuma ya pazia."

Alilitundika bango, akaiweka kadi kaunta, na mizani ikabaki ilikokuwa. Niliondoka nikiwa na hasira naye na hasira na mimi, kwa sababu nilimheshimu, na nilikuwa nimemwambia mbele ya wateja wake kitu ambacho kwetu hakisemwi kwa mtu wa umri ule.

Jumamosi nilipita kumpelekea stika za mlangoni. Yule kijana wa Kisukuma alikuwa ndani na wenzake wawili, wameingia kwa udadisi, wanaulizana bango gani hili la mnunuzi wa dhahabu lisilo na dhahabu. Mzee aliwakaribisha, akawaonyesha kadi. Kijana alifungua kitambaa chake, akamwaga. Juu ya weupe ule dhahabu ilionekana yote, kila chembe, hata uchafu uliokuwamo. Wenzake waliinama. Mmoja wao, Mkurya wa Nyamongo, alimwambia kijana mwenzake taratibu, "Mura, kumbe yetu imeiva namna hii?"

Mzee akaishika kadi kwa pande mbili ili aende nayo nyuma. Ni mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe. Kijana naye akaweka kiganja juu ya kadi, hakukaza, ila hakuachia.

Nilisimama na stika zangu mlangoni, nikimuona mzee akimtazama yule kijana anayeweza kuwa mjukuu wake, na niliona wazi kwamba amedhalilika. Mzee akaiachia kadi. Akageuka, akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba mmoja wa wale wachimbaji alianza kukunja kitambaa.

Alirudi ameikumbatia mizani kwa mikono miwili, waya wake ukiburuzika nyuma, kanzu imeshika vumbi kifuani. Akaiweka kaunta kando ya kadi. Akaigeuza, mpaka namba zikamwelekea kijana na yeye mwenyewe akawa upande usioonyesha kitu.

"Nisomee, mwanangu," alimwambia.