Glasi ya Arobaini na Moja

Majirani walimwita Bi Mng'aro, na hakulichukia jina hilo, maana alikuwa aking'aa kweli. Ukimkuta asubuhi anafagia uwanja, nyusi zinameta. Ukimkuta sokoni anachagua vitunguu, kucha zinameta. Glita, zile chembe za kumetameta za mapambo, ikishamwingia mtu haitoki, hata ajisugue kwa dodoki na sabuni ya kufulia, na yeye alikuwa ameishi nayo miaka kumi na tisa. Aliwahi kwenda kupima macho, daktari akamtoa chembe ya rangi ya dhahabu kwenye kope, wakacheka wote wawili.

Kazi yake ilikuwa kupamba glasi za sherehe. Usiidharau kama hujawahi kuifanya. Glasi huoshwa kwanza kwa siki, mafuta ya vidole yaishe. Kisha huzungushiwa utepe wa karatasi mdomoni, upana wa vidole viwili, kwa sababu hapo ndipo mnywaji anapoweka midomo, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka kumeza glita. Chini ya utepe hupakwa gundi kwa brashi laini, glita ikanyunyizwa juu ya gazeti ili inayodondoka irudi koponi. Ikikauka hupigwa vanishi mara mbili. Majina aliyaandika mwisho, kwa gundi iliyotiwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, pumzi kaibana, mkono hautetemeki. Wapo waliomwiga, lakini glasi zao ziliwapaka wageni viganjani, na wateja wakarudi kwa Bi Mng'aro na aibu zao.

Kwa glasi hizo alimlea mdogo wake. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa na miaka sita, Bi Mng'aro ishirini na miwili, na mchumba aliyesema atasubiri hakusubiri. Hakulia sana. Alijipinda. Mtoto akasoma mpaka chuo, akapata kazi ya ofisini, akahamia mtaa ambao hata majani ya uani hukatwa kwa mashine. Siku hizi akija kumsalimu dada yake hukung'uta kiti kabla ya kukaa. Bi Mng'aro aliona, akajitia hamnazo. Nguo za ofisini bwana, alijiambia, hazitaki uchafu.

Basi mdogo alipompigia simu kwamba amechumbiwa, na kwamba familia mbili zitakutana kwa chakula cha mchana katika ukumbi mdogo, Bi Mng'aro ilibidi akae chini kwa furaha.

"Dada, nataka glasi arobaini," mdogo alisema. "Kila moja na mtu wake. Nakutumia orodha."

"Hata ungetaka mia, mdogo wangu. Nitazipamba mpaka wakwe wasahau kula."

Orodha ikaja. Baba Mkwe, Mama Mkwe, Bosi, Mhasibu, Mjomba, Daktari, na wengineo mpaka wakatimia arobaini. Bi Mng'aro alipoimaliza hakujiona. Akairudia kwa kidole, mstari kwa mstari, bado hakujiona.

Mtu mwingine angeuliza. Yeye alicheka. Ulikuwa utaratibu wake wa siku nyingi: sherehe ikiwa ya ndugu au rafiki wa karibu, hangoji kuandikwa. Hujitengenezea glasi yake mwenyewe, kwa rangi aitakayo, akaiweka mezani kimyakimya, na mwenye sherehe akiiona hupiga kelele. Alifanya hivyo kwenye harusi ya binamu yake, akafanya tena jirani yake mwalimu alipostaafu. Aliamini mdogo wake anaujua mchezo, ndiyo maana kamwachia nafasi. Akatengeneza ya arobaini na moja, kwa glita ya zambarau ambayo haikuwahi kumgusa mteja yeyote, akaiandika DADA kwa herufi kubwa. Halafu akapeleka kitambaa kwa fundi cherehani.

Siku yenyewe alifika ukumbini saa nne, kavaa gauni jipya, maboksi mawili mikononi. Akazipanga glasi moja moja. Ile ya zambarau akaiweka kando ya kiti cha bibi harusi mtarajiwa, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilimpendeza mno.

Mdogo wake aliingia akiwa na mama mkwe, wamewatangulia wageni wengine. Bi Mng'aro akafungua mikono kumpokea.

Mdogo akasimama mbali. Siku zote, hata kwenye simu, huyu mtoto alianza na shikamoo. Leo alisema, "Habari za kazi, fundi. Zimependeza sana."

Mikono ya Bi Mng'aro ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka kunyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. Masihara hayo, alijiambia.

Mama mkwe alikuwa mtu mchangamfu. Aliinua glasi yake, akaigeuza kwenye mwanga. "Jamani, huyu fundi ana mkono! Umejifunzia wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, mama."

"Na hii nzuri kuliko zote ni ya nani? Dada." Akamgeukia mkwewe kwa furaha. "Kumbe yule dada yako mhandisi anakuja! Si ulisema hatapata nafasi?"

Bi Mng'aro akamtazama mdogo wake. Haya, sasa sema, alifikiri. Ulimi uliteleza, urekebishe, tucheke tule. Alimngoja kwa moyo wote. Laiti yule binti angejua jinsi alivyokuwa amekwisha kusamehewa pale pale, mbele ya glasi zile, bila hata kuomba!

"Kweli hatapata, mama," mdogo alisema. "Amesafiri kikazi. Fundi alitengeneza kabla sijamwambia."

Kuonewa haya angevumilia. Watu wanaoneana haya kila siku na maisha yanaendelea. Lakini hapa alikuwa ameondolewa kabisa, na nafasi yake kapewa mhandisi wa kubuni, mwanamke ambaye hakuwahi kukesha na mtoto mwenye homa, wala kulala njaa ili daftari linunuliwe. Tena uongo huo ulikuwa umeegeshwa juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Neno moja tu lilitosha kuuvunja uchumba ule, na lilikuwa mdomoni.

"Unamfahamu dada yake?" mama mkwe alimuuliza, kwa wema tu.

"Namfahamu sana, mama," Bi Mng'aro alisema. Aliona mdogo wake akipauka. "Ni mtu wa kazi. Ndiye kamlea huyu tangu ana miaka sita."

"Mungu ambariki. Ukimwona mwambie tunataka kumshukuru."

"Ameshasikia, mama," alisema, na sauti yake ilitoka vizuri kuliko alivyotegemea. Akachukua maboksi yake matupu, akaaga, akatokea mlango wa jikoni.

Mdogo alimkimbilia kwenye korido, visigino vikigonga sakafu. Akaufunga mlango nyuma yake. Akahakikisha umefungika. Ndipo akamshika mkono.

"Shikamoo, dada." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nisamehe. Niliwaambia zamani, hata sikujua kama tutafika huku, halafu nikashindwa kurudi nyuma. Baada ya harusi nitawaeleza kila kitu. Naapa. Dada, sema basi hata neno moja."

Bi Mng'aro aliutoa ule mkono taratibu, kidole kwa kidole.

"Dada yako amesafiri," alimwambia. "Hajasema atarudi lini."