Mashine ya Kiwandani Imemchafulia Jina Mama Aliyenilea, na Mume Wangu Anajua Ukweli

Asalaam aleikum, admin. Nakuomba ufiche jina langu na usitaje kiwanda, maana Garissa tunajuana. Wanaosoma ukurasa huu wengine ni majirani zangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane. Nimeolewa, nina mtoto mmoja na nina mimba ya pili. Nafanya kazi katika kiwanda cha maziwa ya ngamia, na mume wangu ndiye fundi wa mitambo humo humo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nanyonya, nikalelewa na habaryar, yaani mdogo wake mama. Alininyonyesha pamoja na mwanawe, akanisomesha kwa kuuza maziwa. Sijui mama mwingine duniani.

Habaryar ni mmoja wa akina mama wanaoleta maziwa kiwandani. Kila mkebe una kibandiko chenye chipu. Ukipita kwenye lango la kusomea, mashine inaitambua chipu yenyewe bila mtu kugusa chochote, na jina la mwenye maziwa linatokea kwenye skrini ninayoisimamia mimi. Hapo maziwa yanamiminwa kwenye tangi na kichupa kidogo kinachukuliwa kwenda kupimwa, nacho kinapewa jina lile lililosomwa. Mpaka maziwa yanaingia kwenye chupa za kuuzwa, inajulikana yametoka kwa akina nani. Sisi sote tuliipenda hiyo mashine.

Shida ilianza lango lilipoanza kuruka mikebe mingine bila kuisoma. Meneja akalalamika, foleni ikawa ndefu, akina mama wanachomwa na jua hapo nje. Mume wangu akaongeza nguvu ya lango bila kumwambia mtu. Kweli kazi ikaenda haraka. Lakini sasa likawa linasoma hata mikebe iliyo sakafuni, ambayo zamu yake haijafika.

Asubuhi moja niliona jina la habaryar kwenye skrini. Nikainua macho, nikamwona amesimama mbali kidogo, mkebe wake uko chini, kifuniko hakijafunguliwa. Maziwa yaliyokuwa yakimiminwa ni ya mtu mwingine, na kwa msongamano ule sikumtambua. Nikamwita mume wangu. Alitazama, akaniambia niendelee tu, atarekebisha watu wakipungua. Zamu ya habaryar ilipofika, lango halikuandika kitu, kwa sababu lilishamhesabu, na maziwa yake yakamiminwa bila kichupa kuchukuliwa.

Siku hiyo hiyo vipimo vikaonyesha kichupa chenye jina la habaryar kina dawa ya sindano, ile wanayodungwa ngamia wagonjwa. Tangi zima likamwagwa, maziwa ya wote. Akina mama wakaona jasho lao likinywewa na mchanga, kisha wakaambiwa ni yeye. Kuanzia hapo wapo wasioitikia salamu yake. Wanasema amezeeka na tamaa, alitaka kuwanywesha watoto wa watu dawa. Wallahi, ngamia wake hakuna hata mmoja aliyedungwa sindano msimu huu.

Nyumbani nilimsihi mume wangu aseme ukweli. Tulibishana, kisha akakaa kitandani akalia. Aliniambia wakijua alibadilisha mashine bila ruhusa atafukuzwa, na hakuna kiwanda kitakachomchukua tena. Akaniuliza mtoto aliye tumboni atakula nini. Nikamhurumia, kwa sababu si mtu mbaya. Lakini nilishindwa kulala na jambo hilo, nikaenda kwa meneja peke yangu nikamweleza nilichokiona.

Meneja alinisikiliza vizuri, halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimwita fundi wake aje athibitishe, na fundi wake ni mume wangu. Aliingia, akasimama karibu nami, hakunitazama.

Akasema, "Lango liko sawa. Huyu ni mke wangu, ana uchungu wa mama yake. Tumsamehe."

Tukatoka wote watatu kwenda kulijaribu lango. Tuliweka mikebe sakafuni, ikapitishwa mmoja mmoja, na halikukosea hata kidogo. Alikuwa ameshairudisha nguvu ilivyokuwa mwanzo. Nilisimama pale mbele ya wenzangu nikionekana mzushi. Tangu hapo tunalala chumba kimoja bila kuzungumza. Ameniambia neno moja tu, kwamba nikilifungua jambo hili tena nijue nimechagua kati yake na habaryar.

Juzi habaryar alikuja kwangu. Hakuja kulalamika. Alimbeba mjukuu wake, akanywa chai, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe unakaa na hiyo mashine. Niambie, inaweza kusema uongo? Maana nimeanza kujishuku mwenyewe."

Mume wangu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nikamshika mkono tu. Akadhani ninamfariji, akaniombea dua mimi na mume wangu, akaondoka.

Jumamosi kikundi cha akina mama wanaoleta maziwa kinakutana na meneja. Wataamua kama watamtoa. Amesema wakimtoa atauza ngamia waliobaki na kuhamia Kutulo kwa watoto wa kaka yake, kwa sababu hawezi kuzeeka mahali anapoitwa mwizi wa afya za watoto. Ameniomba nikae kando yake siku hiyo. Mume wangu naye ameitwa kueleza mashine inavyofanya kazi, atakaa upande wa pili. Sina ushahidi ila macho yangu, na tayari nimeitwa mwongo. Nikisimama naweza kupoteza ndoa na bado nisiaminiwe. Nikinyamaza, nitakuwa nimemzika akiwa hai mama aliyenipa ziwa lake.

Ndugu zangu, walaalo, msinitukane, sina nguvu ya kutukanwa. Kama ungekuwa wewe, Jumamosi ungesema nini?