Ng'ombe wa Chebet

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya hadithi za kompyuta, mwaka 2007, nilipanda ngazi za duka la vitabu mjini Nakuru nikiwa nimefunga tai. Miaka mingi nilikuwa nimekaa orofa ya chini, nikipanga kurasa za vitabu vya shule. Mkurugenzi, Singasinga aliyerithi duka kutoka kwa babake, alinionyesha kompyuta kuukuu zilizokuwa zikipelekwa shuleni.

"Fundi, mashine hizi haziwezi picha," akasema. "Wewe andika maneno tu. Lakini mtoto achague njia yake, na kila akianza upya, hadithi iwe ingine."

Tuliandika kwa lugha ya skripti, yaani maagizo mafupi ambayo mashine huyafuata mstari kwa mstari. Ukitaka hadithi ibadilike, unaipa mashine maneno kadhaa, nayo inachota moja kwa bahati nasibu. Ukitaka ikumbuke kitu, unaunda kigeu, ambacho ni kama kisanduku chenye jina: unaweka neno ndani, na ukurasa wowote ukilihitaji, unalikuta.

Kisha akaajiriwa Chebet, msichana aliyetoka chuo juzi tu. Mkurugenzi akatuagiza kila mmoja aandike hadithi ya mtoto anayefuga ng'ombe. Tungezijaribu katika shule moja Dundori, na mwenye hadithi itakayopendwa angekuwa Msimamizi wa Hadithi. Cheo hicho mimi nilikuwa nimeshakivaa moyoni. Hata mke wangu nilishamwambia.

Hadithi yangu ilikuwa tamu, hilo sitaacha kulisema. Ng'ombe angepewa jina kwa bahati nasibu: Maridadi, Zawadi au Malkia. Nikaitia bahati nasibu yote kwenye kigeu, nikaenda kulala nimeridhika.

Dundori, watoto wa wafugaji wakakaa kwenye mashine, wa Chebet upande ule, wangu huku. Haikuchukua muda, msichana mmoja wa upande wangu akainua mkono.

"Mwalimu, ng'ombe yangu imeenda wapi?"

"Si ndiyo hiyo inakamuliwa?"

"Hii ni Malkia. Mimi nililisha Zawadi."

Mwenzake akadakia, "Yangu iligonjeka ikiwa Maridadi, daktari akadunga Malkia!"

Darasa zima likacheka. Mkurugenzi naye alicheka, ameshika ndevu zake.

Ni kama kura: nilikuwa nimeweka kwenye kisanduku kofia nzima yenye karatasi za majina, badala ya ile karatasi moja iliyochotwa. Kila ukurasa ulipoomba jina, mashine ilichota upya. Chebet aliiambia ichote mara moja pale mwanzoni, akaweka jibu kwenye kigeu, akaliacha humo. Tofauti yetu ilikuwa mstari mmoja.

Upande wake hakuna aliyecheka. Mtoto aliyepata ng'ombe aitwaye Tausi alikataa kuinuka kengele ilipolia, kwa sababu Tausi alikuwa hajazaa. Nilimtazama Chebet akiinama kumbembeleza, na wivu ukanishika. Tausi! Nani humwita ng'ombe Tausi?

"Usikasirike, fundi," Mkurugenzi aliniambia tukirudi mjini. "Yako inachekesha. Yake inafanya mtoto angoje."

Heri angenitukana. Mwaka 2008 nilifanya kazi chini ya msichana huyo, nikimpelekea kila skripti aikague. "Mzee, hapa uchote kwanza, halafu ndio uweke," angeniambia kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Mwishowe niliomba kurudi chini kwenye kurasa zangu, nikabaki huko hadi nikastaafu.

Sasa ninaishi Kiamunyi. Vijana wa kazi hii wakinitembelea nawafundisha kuchota kabla ya kuweka, wala siwaambii nilijifunza kwa nani. Juzi juzi nilinunua mtamba. Mimi na mke wangu hatukukubaliana jina, tukaamua kupiga kura. Nikaandika majina yangu, yeye akaandika lake bila kunionyesha, tukatia karatasi kwenye kofia yangu. Nikachota, nikafungua.

Tausi.

"Nachota tena," nikasema.

Mke wangu hakucheka hata kidogo. "Baba Njoroge, miaka yote hii umenichosha na hiyo Dundori yako. Ukishachota, si unaweka?"

Nikaweka. Huyo ng'ombe amezaa, na maziwa yake yanashinda ya jirani zangu wote. Kila asubuhi nabeba ndoo, naliita jina la ng'ombe wa Chebet kwa mdomo wangu mwenyewe, naye anakuja mbio.