Mtabiri wa Kitanda cha Chini

Nyumba yangu hapa Dubai ni fupi kuliko mimi, kwa hiyo miguu hulala nje. Ni kitanda cha chini katika chumba cha watu sita, Satwa, na nimekizungushia pazia la maua alilonishonea fundi wa mtaa wa nyuma. Pazia likishafungwa, niko kwangu. Wenzangu siku ya ofu huoga, hujipulizia manukato na kwenda kutembea. Mimi pia huoga na kujipulizia, halafu narudi kitandani. Mkenya anayelala juu yangu aliwahi kuniambia kwamba hata jela watu hutolewa nje kuota jua. Nikamjibu kuwa jua la huku si la kuota, ni la kukimbia.

Humo ndani ya pazia nina kazi ya pili ambayo hakuna aliyenipa. Natabiri mechi za mpira wa kikapu za vyuo vya Marekani.

Najua inavyosikika. Chuo chenyewe sijawahi kukanyaga, hata cha ufundi. Niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yapumzike. Shuleni niliingizwa kwenye timu ya kikapu kwa sababu ya urefu. Mwalimu wa michezo aligundua kosa lake katika mechi ya kwanza, na kuanzia hapo nikawa mtunza maji ya kunywa. Lakini benchi nalo ni darasa. Walio uwanjani wanauona mpira tu. Aliyekaa benchi anaona kwamba yule mrefu wa upande wa pili ameanza kuchechemea, na kwamba mlinzi wao akipelekwa mkono wa kushoto anapotea kama mgeni Kariakoo.

Kilichonifunga kwenye vyuo vya Marekani ni fulana. Mama aliniokotea gulioni, mtumba, ya bluu, yenye mnyama mkali kifuani na jina la chuo juu yake. Niliivaa miaka mingi bila kujua inasema nini. Nilipopata simu yenye intaneti nikakitafuta hicho chuo, nikakuta kina timu ya kikapu, na timu inafungwa. Nikajua hapa ndipo kwangu.

Fulana nilikuja nayo huku. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi Al Mankhool, na siku moja mteja mmoja Mmarekani aliyeleta mashati yake aliiona, akafurahi kama ameona ndugu, akaniuliza nilimaliza mwaka gani. Nikamwambia bado nasoma.

Siku nyingine nilikutana na mtu mwenye fulana nyekundu ya chuo kingine kwenye foleni ya duka la vyakula, hapo hapo Al Mankhool. Alikuwa mrefu kama mimi, amesimama nyuma yangu, na alikuwa amenisikia nikiongea na simu kwa Kiswahili. Hakunisalimia. Aliniangalia kifuani, akasema, "Nyie si ndio tunaowafunga kila mwaka?"

Nikageuka, na mimi nikamsoma kifuani. Chuo chake na changu ni majirani na mahasimu wa tangu zamani, nilikuwa nimesoma habari zao. Nikamuuliza kama alisomea huko. Akasema alisomea kwenye marundo ya mitumba Moshi mjini. Akaniuliza kwetu wapi, nikasema Upareni, akacheka mpaka mwenye duka akainua kichwa. Yeye alikuwa Mchaga.

Kwa asiyejua, Mpare na Mchaga ni watani. Tuna ruhusa ya kutukanana tuliyorithi kwa mababu, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Ruhusa hiyo inakuja na wajibu: mtani akifiwa, lazima uende msibani ukafanye mzaha, maana mfiwa asipochekeshwa na mtani wake atachekeshwa na nani. Mjomba wangu aliwahi kujilaza mlangoni kwenye msiba wa Mchaga, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe mkungu wa ndizi. Kwa hiyo mimi na huyu bwana tulikuwa mahasimu mara mbili, kwa mtumba na kwa mababu.

Yeye alikuwa mfungua mlango wa hoteli moja Al Rigga, ng'ambo ya pili ya mji. Basi moja tu. Tukabadilishana namba, na tangu siku hiyo, kabla ya kila mechi ya timu zetu, tukawa tunatumiana utabiri kwa sauti. Mechi zenyewe huchezwa wakati huku watu wamelala, na mimi sina tabia ya kujiamshia huzuni. Naangalia matokeo ninapopiga mswaki. Raha yangu iko kabla, wakati bado hakuna aliyefungwa. Nafunga pazia, nasoma nani kaumia na nani karudi, nawaza, kisha nabonyeza simu na kuanza kama mtangazaji wa redio: kesho tunacheza ugenini, na ugenini mitupo yetu ya bure inakataa kuingia, lakini yule mrefu wao wa kati kifundo cha mguu hakijapona, kwa hiyo mipira inayogonga chuma ni yetu, na kijana wetu wa mashoto ataamka kipindi cha pili kama kawaida yake, akichelewa kama fundi cherehani. Tunashinda kwa tofauti ndogo. Khalas.

Mkenya wa juu alidhani ni mkeka wa kubeti, akaniomba nimgawie. Nikamweleza kwamba kamari huku ni kesi, na pia mimi ni Mpare, hela yangu haitoki mfukoni kwa ajili ya watoto wa watu wanaoruka ruka. Sisi tulikuwa tumewekeana kitu kizito zaidi. Ambaye utabiri wake umekwenda kombo anamwamkia mwenzake shikamoo, kila siku, mpaka mechi inayofuata. Watu wazima wa rika moja, mmoja anamwamkia mwenzake kama babu yake.

Nilimwamkia sana. Asubuhi kabla ya kazi nanong'ona ndani ya pazia, "Shikamoo," na baada ya muda simu inatetemeka. "Marahabaaa, mjukuu wangu, umekula?" Anaivuta hiyo marahaba kama mpira wa manati, na nyuma yake nasikia mlango wa kioo na masanduku ya wageni yakiburuzwa. Kazini kwangu maneno ni machache: yes madam, yalla, inshallah kesho. Kuna siku hiyo marahaba ndiyo ilikuwa sauti pekee iliyoniuliza kitu, ukiondoa mashine ya mvuke, na ile haiulizi, inafoka tu.

Alinikaribisha kwake kila wiki. Kila wiki nikasema Ijumaa, inshallah. Akasema mimi naogopa kunywa chai yake kwa sababu nitalazimika na mimi kumkaribisha. Nikakanusha. Ukweli ni kwamba ndani ya pazia mimi ni mchangamfu sana. Ukinikalisha kwenye sebule ya watu, nakuwa mtunza maji.

Msimu huu timu yake ilikuwa mbovu kuliko yetu, jambo ambalo si rahisi. Mechi ya mahasimu ilipokaribia nilianza mapema. Nikamtumia utabiri mrefu wenye dharau za kutosha, nikamshauri aanze kufanya mazoezi ya shikamoo mbele ya kioo cha hoteli. Tiki mbili zikatokea. Zikawa za bluu. Kimya.

Siku ya pili, kimya. Nikajiambia ananuna, na mtani anayenuna ameshashindwa. Siku ya tatu nikajikuta naangalia simu hata nikiwa na pasi mkononi, na shati la mteja likapata alama ambayo arbab, bosi wangu, aliitazama kwa muda mrefu.

Mkenya ndiye aliyeleta habari. Yeye huendesha pikipiki ya kupeleka chakula, alikuwa amefika kwenye ile hoteli akakuta mtu mwingine mlangoni. Akapanda kitandani kwake bila utani wowote, kisha sauti yake ikashuka kutoka juu.

"Yule Mchaga wako amefiwa na mamake. Wanakaa matanga huko nyuma ya hoteli."

Nilifunga pazia ingawa lilikuwa limeshafungwa. Likizo yake ilikuwa bado inaombwa, akasema Mkenya, na mazishi hayangoji. Atayaona kwenye simu. Nikabonyeza kurekodi ili nitume pole. Nikasema pole, nikafuta. Nikasema pole sana, nikafuta. Pole kila mtu alikuwa ameshampa. Mimi nilikuwa nadaiwa kitu kingine, na hakitumwi kwa simu. Mjomba angejua la kufanya, lakini Dubai nzima mjomba sikuwa naye. Mpare wake alikuwa mimi, mtu ambaye basi moja tu limemshinda kupanda. Na nisipokwenda, nilijua vizuri, hata akirudi kazini, hata tukiendelea kutabiri, ile marahaba isingekuwa ile.

Ijumaa nikavaa fulana ya bluu. Mkenya akaniuliza kama naelewa naenda wapi. Nikamwambia ndiyo maana nimeivaa. Akaamua kunisindikiza, nadhani kwa kuogopa nitashuka kituo cha kwanza na kurudi.

Kilikuwa chumba kama chetu, vitanda vimesukumwa ukutani, watu wamekaa chini. Mama mmoja wa Kizanzibari, wa zile familia zilizokaa huku miaka mingi, alikuwa amewaletea chai na mandazi. Mtani alikuwa amekaa pembeni, simu mkononi, kioo kimezima. Sikuwa nimemwona ana kwa ana tangu siku ya foleni. Alikuwa amepungua. Watu wakanyamaza kumpisha mgeni atoe pole, na mimi nikasimama katikati ya chumba na urefu wangu wote, nikitamani pazia.

Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, kwa sauti ya redio.

"Mtani, mama yako kaondoka kabla hajaiona timu yako ikishinda mechi hata moja ya maana. Mimi simlaumu. Angesubiri mpaka lini?"

Mkenya alinivuta fulana kwa nyuma. Kijana mmoja wa Kiganda akaanza kuinuka. Yule mama wa Kizanzibari akaweka kikombe chini taratibu. "Muacheni," akasema. "Huyu mtani wake. Ndo kazi yake hiyo."

Mtani alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua ni kicheko au ni kile kingine. Vilikuwa vyote viwili. Alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Kumbe Wapare huwa mnatoka nje," akasema.

Nikakaa. Nikanywa chai yake, vikombe vitatu, ili asiseme tena. Akatuonyesha picha ya mama yake amesimama chini ya migomba, ameshika jembe kama mtu aliyekatizwa kazi. Aliniambia ndiye aliyemchagulia ile fulana nyekundu, kwa sababu ilikuwa ndefu na yeye alikuwa anakua vibaya. Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba na yangu ni mama. Nikamwambia. Hatukuongea zaidi ya hapo juu ya fulana.

Nilipokuwa navaa viatu akanifuata mlangoni, akaufungua, kwa mazoea yake ya kazi. Akasema akienda harudi tena huku. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwao nyumba na kihamba, ile migomba yote, huachiwa wa mwisho. Baba amebaki peke yake. Visa haiongezwi. Khalas. Nikamwambia afadhali, maana mlango huo ameufungua vya kutosha. Ndicho nilichoweza kusema. Aliondoka siku ya kazi, mimi nikiwa napiga pasi mashati ya watu.

Mechi ya mahasimu ikachezwa baada ya hapo. Utabiri wangu nilikuwa nimeshautuma, ila nikatuma mwingine, mfupi, bila dharau. Tiki moja. Huko kwao mlimani mtandao huja na kuondoka. Asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni nikaangalia matokeo. Timu ya bluu ilikuwa imeshinda, kijana wetu wa mashoto ameamka kipindi cha pili, kila kitu kama nilivyosema. Sijawahi kupatia namna ile. Nikatazama chumba nimwambie mtu. Mkenya alikuwa kwenye pikipiki yake, wengine hawajui hata mpira wenyewe una rangi gani.

Nikarudi kwangu, nikafunga pazia. Shikamoo ilikuwa haki yangu kuipokea, ya wiki nzima. Nikafikiri juu ya mtu ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, anayepikia baba, anayepokea wageni wa msiba waliochelewa. Nikabonyeza, nikasema, "Shikamoo."

Tiki moja. Siku kadhaa ikabaki hiyo hiyo moja, nami nikaenda kazini na kurudi, nikasoma habari za mechi nyingine na kulitabiria pazia.

Kisha simu ikatetemeka, mchana, dukani. Nikaiweka sikioni huku mvuke ukifoka. Nyuma yake hakukuwa na mlango wa kioo wala masanduku. Kulikuwa na panga linakata kitu chenye maji, na mzee anakohoa.

"Marahaba," akasema, bila kuivuta. "Lakini Mpare, si mmeshinda nyie?"

Kumbe aliangalia. Nikaisikiliza tena, na tena, mpaka arbab akasema yalla. Sikumjibu siku hiyo, wala ya pili yake. Swali nimelihifadhi. Nataka awe na sababu ya kuniuliza tena.